Meza ya Bwana Afya

Ukitaka kumuudhi Mwanajuma binti Mikidadi, mwambie kwamba wanawake wa Dunda ni wazito wa kubadilika. Maneno hayo aliyasikia midomoni mwa wakubwa wa afya mara nyingi, na kila mara alisonya, akasikika mpaka nyumba ya tatu. Wazito! Na hao wazito walifikishwa kliniki na nani, kama si yeye?

Kliniki ya watoto ilipofunguliwa pale Dunda, mtaa wa Bagamoyo, miaka michache baada ya Uhuru, ilikaa tupu kama msikiti wa saa nne asubuhi. Nesi Mardhiya, binti wa mtaa wa nyuma, alishinda akipiga miayo kando ya mzani wake. Mwanajuma alikuwa amekwisha kuzika watoto watatu kwa surua, akabakiwa na Ashatu peke yake, na hakuwa na hamu tena ya kununua sanda. Ashatu alipojifungua Rajabu, bibi mtu alimfunga mjukuu mbeleko mwenyewe akaenda naye. Na kwa kuwa hajaumbwa mtu wa kutembea njia nzima kimya, akawapitia wenzake. Hakumhubiria mtu. Alisimama mlangoni tu akaita, "Mwaija! Nakwenda kliniki, nisindikize nisife na ukiwa." Mwaija alitoka kwa ajili ya umbea, si kwa ajili ya afya, lakini alirudi mtoto kapimwa na kachanjwa. Mwezi uliofuata akatoka jirani yake Mwaija, na jirani wa jirani. Siku za Jumanne njia ya kliniki ikawa kanga tupu na vicheko.

Sasa Rajabu alipata surua akiwa bado ananyonya, hajafikia umri wa chanjo yake. Akapona, alhamdulillahi, lakini ilimwacha mbavu nje na macho makubwa. Mardhiya akawa anampa maziwa ya unga kila Jumanne na kumfundisha Ashatu kumpikia uji wa karanga. Mtoto akaanza kurudi. Alirudi polepole, lakini Mwanajuma aliuona mwendo wa ule mshale wa mzani, na kila ukisogea kidogo alitangaza mtaa mzima kana kwamba mjukuu kafaulu mtihani.

Ndipo akaja Bwana Muhidini.

Bwana Muhidini alikuwa bwana afya mpya, katoka kozi Dar es Salaam na nadharia mbichi kichwani. Alimweleza Mardhiya kwamba binadamu habadiliki kwa kuambiwa. Hubadilika akiona, na akiona haya. Kwa hiyo yafanyike mashindano ya watoto, hadharani, karibu na soko, mtoto mnono apewe zawadi. Mpaka hapo hakuna ubaya, mashindano kama hayo watu walikuwa wakiyapenda. Lakini Bwana Muhidini alitaka na mwembamba mmoja wa kuweka kando ya yule mnono, ili akina mama walinganishe wenyewe. Akamwagiza Mardhiya amtafutie. Na Mardhiya, Mungu amsamehe, binti aliyezaliwa na kulelewa Dunda, hakufikiria kitu zaidi ya kilo. Akamtaja Rajabu.

Mwanajuma hakuambiwa hayo. Aliambiwa mjukuu wake ameitwa mezani. Akadhani anatuzwa kwa jinsi alivyopanda! Alimvisha kofia mpya ya vito, ile ya kutariziwa, akampaka wanja, akapita katikati ya watu akiomba njia kwa sauti. Ashatu alikuwa nyuma yake akitabasamu kwa aibu. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, juu yake sabuni, kopo la maziwa na doti ya kanga. Mwanajuma akamkabidhi mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo lililomkereketa maisha yake yote, kwamba alimkabidhi kwa mikono yake mwenyewe, na akasema asante.

Bwana Muhidini akamvua Rajabu kanzu. Upande huu akakaa mtoto wa Mwaija, mapaja yamejaa, upande ule Rajabu, akilia. Bwana afya akachukua kijiti akazigusa mbavu za mtoto.

"Mnaona, akina mama? Huyu na yule wana umri mmoja. Basi jiulizeni, wazazi wa huyu wamefanya nini hata mtoto akawa hivi?"

Yeye alikusudia mayai. Alikusudia maharage na dagaa, maana mara tu baada ya hapo alianza kuhesabu vyakula. Lakini hakuna aliyemfuata huko. Pwani mtoto anayenyonya akikonda, watu hawaulizi kala nini. Huuliza wazazi wake wamelalaje. Husemwa amebemendwa: baba na mama wameshindwa kustahimili mpaka mtoto aache ziwa, wakarudiana mapema, na mtoto ndiye aliyeharibika. Ni jambo linalonong'onwa uani, mkono mdomoni. Mwanajuma mwenyewe aliliamini, na aliwahi kumnong'onea mtu juu ya kifungua mimba wa Mwaija huyo huyo. Na sasa mtu wa serikali kasimama juani mbele ya soko zima, kijiti mkononi, anauliza wazazi wa Rajabu wamefanya nini.

Kicheko kilianzia nyuma. Mwanamke mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Kumbe Msabaha akitoka kwenye chumvi hasubiri hata kuoga!" Msabaha ndiye mume wa Ashatu, kibarua wa mashamba ya chumvi, aliyerudi nyumbani kila Alhamisi jioni. Watu wakaangua. Mwaija, na zawadi yake ya sabuni kwapani, alicheka mpaka akajifuta machozi. Bwana Muhidini naye akatabasamu, akifikiri somo limewaingia.

Ashatu alijifunika kanga uso mzima akaondoka. Mwanajuma, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa na wauza samaki, siku hiyo alitumia mikono. Alimnyakua mtoto mezani, akaacha kanzu hapo hapo, akaenda zake.

Alhamisi Msabaha alirudi akiwa amekwisha kutaniwa huko kazini mpaka kashika beleshi kumpiga mtu. Hakumpokea mtoto. Alisimama mlangoni akasema, "Huyu hatoki nje tena. Si kliniki, si dukani, si popote."

"Ana maziwa yake Jumanne, baba," Mwanajuma akasema.

"Wewe mama ndiye uliyempeleka mezani."

Jumanne iliyofuata Mwanajuma aliamka, akafunga mbeleko, akanyoosha mikono apewe mtoto. Ashatu akamkumbatia mtoto akageukia ukutani. Jumanne ya pili vivyo hivyo. Mwanajuma alibembeleza, alitukana, alilia, akatishia kuhama nyumba. Akaenda mwenyewe kliniki kuomba maziwa, akakuta Mardhiya kakaa peke yake kama ile siku ya kwanza.

"Shikamoo, mama," Mardhiya akasema, kasimama.

Mwanajuma hakuitikia. Katika umri wake wote hakuwahi kuinyima shikamoo ya mtu, hata ya mlevi. Aliutazama tu mzani.

"Mama, mimi sikukusudia. Bwana alitaka mwembamba, na mimi..."

"Ulimjua. Ulimjua mama yake, ulimjua baba yake, ukajua watasemwa nini. Yule mgeni hakujua. Wewe ulijua."

Alichukua maziwa akaondoka. Lakini maziwa bila mzani na bila dawa hayakutosha. Kilipokuja kipindi cha kuhara, Ashatu aliendelea kumficha mtoto chumbani, akiogopa njia ya kliniki kuliko kuhara kwenyewe. Alipokubali kumtoa, Rajabu hakuwa na nguvu hata ya kulia. Walimzika kabla ya adhuhuri. Kofia ya vito Mwanajuma aliitia sandukuni.

Nakwambia, hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Ilikaa. Aliona jinsi wanawake walivyoanza kuwafunika watoto wao, na jinsi waliofunika sana walivyokuwa wale wenye watoto wembamba hasa, wale wa kupelekwa mbio. Wanene ndio waliorudi kupimwa. Na taarifa ikapelekwa juu kwamba mashindano ya Bagamoyo yalifana, watu walikuwa wengi.

Mwaka uliofuata meza ikarudi pale pale, kitambaa kile kile. Bwana Muhidini akaipitia safu ya watoto, mmoja baada ya mwingine, akatafuta mwembamba wa kufundishia. Hakumpata. Uso ukamng'aa.

"Akina mama, hongereni! Mwaka jana tulikuwa na yule wa mbavu nje. Leo Dunda nzima sioni hata mmoja. Somo limewaingia! Na yule wetu je, yuko wapi? Mleteni tumwone alivyonona."

Watu wakainamisha vichwa. Mwanajuma akapasua katikati yao mpaka mezani.

"Yule wenu amelala makaburini, Bwana Muhidini. Alipata surua. Hukuuliza. Alikuwa anapona, ukamvua nguo mbele ya soko, mama yake akamficha mpaka akatufia. Na wembamba unaowatafuta wapo. Wapo ndani, milango imefungwa, kwa ajili ya meza yako hii."

Bwana Muhidini akauliza, "Wapo nyumba zipi, mama? Nionyeshe, tutawafuata."

"Nikuonyeshe uwaite tena kwa kijiti? Sikuonyeshi hata moja."

Akamgeukia Mardhiya. "Fungua huo mzani. Utie kikapuni, ufunike kwa kanga yako, unifuate."

Mardhiya alimtazama mkubwa wake, kisha akaanza kufungua kamba. Walipopinda uchochoro, wamebaki wawili tu, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama."

Mwanajuma alitembea hatua kadhaa. "Marahaba," akasema. "Usidhani nimekusamehe. Tembea."

Mlango wa kwanza alioupigia hodi, wa uani, ulikuwa wa Mwaija. Mshindi wa mwaka jana hakuonekana mashindanoni mwaka huu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwaija akachungulia, akakiona kikapu, akataka kufunga. Begani kwake, chini ya kanga mbili kwenye joto lile, kulikuwa na kichwa kidogo cha mtoto yule yule, sasa kakonda, kisichotikisika sana. Mwanajuma akatia mguu mlangoni.

Wanawake hao wawili walitazamana. Mwaija akaanza kulia kabla hajaambiwa neno.

"Sikuja kumtazama mtu," Mwanajuma akasema. "Nimechoka kutembea peke yangu, ndiyo maana nimekuja. Nipishe nikae."