Nilivyoibariki Pikapu ya Baba Mdogo

Krismasi iliyopita niliibariki pikapu ya baba mdogo kabla padri hajafika.

Ilikuwa ya mitumba, kutoka Japani, lakini kwetu Kibosho hakuna kilichokuwa kipya kuliko hiyo. Baba mdogo aliileta kutoka Dar, bluu iliyokoza, ukijitazama unaona mpaka chunusi. Padri alikuwa aje kesho yake kuibariki mbele ya ukoo mzima, na kila vumbi likitua baba mdogo alilifuta kwa fulana yake mwenyewe.

Mimi nilipewa madirisha ya bibi niyapake rangi ya mafuta, nyeupe. Nilipomaliza nikasuuza brashi kwa mafuta ya taa, nikaona imetakata. Watoto wawili wa shangazi walikuwa wamekaa kwenye benchi la barazani wakingoja nifanye ujinga, na mimi si mtu wa kuwanyima watu haki yao. Nikajitupia khanga ya bibi mabegani, nikachovya brashi kwenye ndoo ya maji, nikaizunguka pikapu nikiimba puani kama padri wetu, nikinyunyiza. Mmoja alicheka mpaka akaanguka kwenye benchi.

Sikujua kwamba brashi huficha rangi ndani kabisa ya nywele zake. Bibi alituita palepale tukakate majani ya ng'ombe. Tuliporudi, jua lilikuwa limeshafanya kazi yake. Ubavuni mwa pikapu kulikuwa na vitone vyeupe, kama vile kuku wote wa bibi wamelala juu yake.

Kwetu kitu kikigoma kutoka, kinasuguliwa kwa jivu na stili waya. Ndivyo tunavyosugua masufuria, na yanang'aa. Nikasugua. Kitone kikatoka, na mng'ao ukatoka nacho. Nikadhani ni jivu tu, nikamwagia maji, nikahamia cha pili, cha tatu, mpaka mlangoni pakawa na kovu la kijivu, pana kama sinia.

Baba mdogo alinikuta hapo, stili waya mkononi. Nilikuwa nimeshatunga uongo wa aina mbili, lakini hakuniuliza. Alilowesha kitambaa laini kwa mafuta ya taa, akakigandamiza juu ya kitone kilichobaki, akasubiri kidogo, kisha akapitisha ukucha. Kikabanduka chenyewe. Chini palikuwa bluu ileile. Akaondoa na vingine hivyohivyo, kimoja kimoja, akaosha kwa sabuni.

"Ungeniita tu," akasema.

Kesho yake, kwa kuwa natumikia misa, mimi ndiye niliyembebea padri ndoo ya maji ya baraka. Bibi akapitisha kiganja mlangoni mwa pikapu.

"Hapa pamechunwa na nini?"

"Migomba, mama," akasema baba mdogo. "Njia ni nyembamba."

"Mgomba unachuna chuma?" Bibi akawageukia watu. "Jamani, huyu mjini kumemsahaulisha hata mgomba."

Ukoo mzima ukacheka. Shangazi akataka baba mdogo aletewe jani la mgomba alishike, alikumbuke. Baba mdogo akacheka nao, macho kwenye viatu vyake. Siku yake aliyoingoja miaka yote ile, akawa yeye kichekesho.

Wale wawili wa benchi wakanitazama. Maneno yenyewe yalikuwa matatu, "Ni mimi, bibi," na mimi ndiye mtu asiyejua kufunga mdomo, muulize mwalimu mkuu.

Nikainua ndoo kidogo, ili padri achovye.