Koki Niliyoifunga kwa Adabu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia tone la maji likianguka kwenye sinki. Leo nywele zangu ni nyeupe, ninaishi Batsinda, hapa Kigali, na tanki langu limekaa juu ya msingi wake wa mawe nyuma ya nyumba. Lakini tone moja tu linatosha kunirudisha kwenye jiko la mtu, nchi ya mbali, nimesimama na soksi zilizolowa na sijui pa kuficha uso wangu. Kaa nikusimulie. Maji ya chai bado hayajachemka.

Mimi nilizaliwa Bujumbura, nikaja Kigali nikiwa msichana pamoja na mama yangu. Tulipanga Remera, vyumba viwili kwenye mteremko, na koki moja uani tuliyoshirikiana na majirani. Kiangazi maji yalikuja kwa zamu, na zamu yenyewe haikuwa na adabu: siku nyingine yalikuja tukiwa kazini, siku nyingine hayakuja kabisa, tukashuka bondeni na majerikeni. Mama alikuwa mpole katika mambo yote isipokuwa maji. Ungevunja sahani angekuambia pole. Ungeacha koki ikidondoka, siku hiyo ungekula ugali wako kimya. "Robine iko inadondoka na wewe umekaa?" angesema, na ungesimama kabla hajamaliza. Bandu bandu huisha gogo, alituambia, na tone kwa tone huisha pipa. Nilikuwa naamini kabisa kwamba anasikia koki ya nyumbani akiwa kanisani.

Basi nikapata nafasi ya kwenda kusomea lishe Kanada, katika mji mmoja wa watu wanaozungumza Kifaransa. Kutafuta chumba kulinitoa machozi. Kila nilipopiga simu nafasi ilikuwepo, na kila nilipofika mlangoni ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Aliyenifungulia ni mama mmoja mjane, Madamu Adela, mwanamke mfupi wa zaidi ya miaka sabini, mwenye sauti kama ya mwalimu wa hesabu. Alinitazama viatu vyangu vya Kigali, akatazama theluji, akasema, "Ingia kabla miguu haijakatika." Sikuwa na mahali pengine. Kama ningepoteza chumba kile katikati ya baridi, ningerudi nyumbani mikono mitupu, na mama alikuwa ameshawaambia Remera nzima kwamba binti yake anasoma Kanada.

Asubuhi moja ya Ijumaa, ndugu yake Madamu alifiwa, ikabidi aende mji mwingine kwa siku mbili. Teksi ilikuwa nje inamngoja. Alikuwa anavaa glovu na kunipa maagizo kwa wakati mmoja: paka ale mara mbili, mlango wa nyuma nifunge kwa ufunguo, na zaidi ya yote, akasema, "niachie *filet* kama ilivyo, usiiguse." Nikaitikia, ndiyo Madamu.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo kichwa changu kilipogonga ukuta. Kigali, ukitamka neno hilo, hata mchinjaji anajua unachotaka: ile nyama laini isiyo na mfupa. Na kweli, ndani ya friji kulikuwa na kipande kizuri cha nyama kimefungwa kwenye karatasi. Nikajiambia, mama wa watu ametunza nyama yake, anaogopa nitaila. Nikaumia kidogo moyoni, nikasamehe. Siku mbili zile nilikula mkate na mayai, na hiyo nyama sikuigusa hata kwa kidole.

Jioni ile, nilipoingia jikoni kutoka darasani, nilikuta koki ya sinki inatiririsha maji membamba kama uzi. Chini ya sinki milango ya kabati ilikuwa wazi, unaona mabomba yote. Nikatikisa kichwa. Uzee nao, nikasema. Maskini, ana haraka ya msiba, amesahau. Nikaifunga koki, nikaikaza vizuri kama nilivyofundishwa. Nikafunga na milango ya kabati, jiko likae nadhifu. Nilijisikia mtu mwema sana. Nilimwona mama yangu akiniangalia kutoka Remera na kukubali.

Kumbe *filet* ya Madamu haikuwa nyama. Kwa Kifaransa cha kwao, neno lile lile ndilo wanaloitia uzi wa maji. Bomba la jiko lilipita ndani ya ukuta unaopigwa na upepo wa kaskazini, na nyumba ilikuwa ya zamani. Maji yanayotembea, hata kidogo, hayagandi upesi kama yaliyolala. Ndiyo maana aliyaacha yatembee, na ndiyo maana kabati liliachwa wazi, joto la nyumba liyafikie mabomba. Mimi nikayalaza maji, nikayafungia na mlango.

Asubuhi nikafungua koki ya jikoni, kavu. Mtu wa huko angeshtuka. Mimi, mtoto wa Remera, niliona ni jambo la kawaida: leo si zamu yetu. Bafuni maji yalikuwepo, lakini hilo halikunisumbua; nilidhani Kanada wana mgao uliostaarabika zaidi, unakwenda chumba kwa chumba. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu. Nikaacha koki wazi, nikaweka sufuria kubwa chini yake ili maji yakija yasipotee, nikaenda zangu maktaba.

Mchana jua lilitoka, baridi ikalegea. Niliporudi, bado niko mlangoni, nikasikia maji yanalia jikoni. Nikasema kwa sauti, "Mungu asante, yamekuja." Ninakuapia, mwanangu, nilitabasamu. Kisha nikakanyaga zulia, likatoa sauti kama matope. Maji yalikuwa yanatoka ukutani nyuma ya kabati, kwenye ufa uliopasuliwa na barafu. Yalikuwa yameshafunika sakafu ya jiko, na sasa yalikuwa yanashuka ngazi kwenda chumba cha chini, alikoweka vitu vya marehemu mumewe.

Nilizungusha koki zote nilizoziona. Hakuna iliyosaidia. Miezi mitatu nimekaa katika nyumba ile na sijawahi kuuliza koki kuu iko wapi. Nikatoka na soksi kwenye theluji, nikagonga kwa jirani, mzee aliyekuwa hajawahi kunisalimu, nikamwambia neno moja tu, maji. Alikuja mbio na ndara zake, akashuka, akafunga koki kuu iliyokuwa nyuma ya ngazi, nikabaki natazama ilivyokuwa jambo rahisi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nilijaribu. Mimi na yule mzee tulizoa kwa ndoo na mataulo mpaka mikono ikafa ganzi.

Madamu alirudi Jumapili. Nilikuwa nimeshafunga sanduku langu, liko karibu na mlango, nimpunguzie kazi ya kunifukuza. Alishuka chini, akakaa huko muda mrefu. Alipopanda alikuwa amebeba koti zito la sufi la mumewe, limelowa, linanuka. Akaliweka juu ya meza. Akauliza bila kupandisha sauti, "Kwa nini uliifunga?"

Nikamwambia ukweli wote, nyama na mgao na sufuria. Nikamwambia kwetu koki inayodondoka ni aibu ya nyumba nzima, na kwamba mama yangu ndiye aliyenifunza hivyo.

Alilikunjua lile koti juu ya meza. Nilidhani anatafuta maneno ya kunitoa. Kisha akasema, "Mama yako amekufundisha vizuri. Lakini mama yako hajawahi kulala katika nyumba hii. Mimi nimelala humu miaka arobaini, na uliniona nimezeeka, ukaona heri unisahihishe kuliko kuniuliza."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa, nimewahi hata kupigwa, lakini hakuna kilichoniingia kama yale. Maana ilikuwa kweli. Sikufunga koki kwa kutojua tu. Niliifunga kwa sababu nilimdharau mzee wa watu, tena nikaiita dharau yangu adabu.

Baadaye akatazama sanduku langu mlangoni. "Na hilo linaenda wapi?" akasema. "Rudisha chumbani, ulete mkasi."

Lile koti halikufaa tena kuvaliwa. Baada ya kulikausha tulilikata vipande virefu, mimi na yeye, na fundi alipokwisha kubadilisha bomba tukavizungusha juu yake, raundi baada ya raundi, tukafunga kwa kamba. Alipokata mkono wa koti alisimama kidogo, mkasi hewani. Akasema mumewe hakupenda kitu kikae bure. Mimi nililia, yeye hakulia. Akaniambia nivute kamba vizuri.

Nilimpigia mama simu nikiwa na aibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema lolote juu ya ukuta wala koti. Alichosema ni hiki: "Kwa hiyo usiku wote ile maji iko inakwenda bure? Hawaweki hata beseni chini?" Nikamtafsiria Madamu, nikitegemea atanuna. Alicheka mpaka akakaa. Tangu siku hiyo, kila usiku wa baridi kali koki ilitiririka, na chini yake kulikuwa na beseni la bluu. Asubuhi maji yale tuliyatumia kuoshea vyombo na kunyweshea maua yake ya dirishani. Wale wanawake wawili hawakuonana hata siku moja, na mimi nilikaa katikati yao nikafundwa na wote. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama, na ulimwengu nao ukaongeza, namshukuru Mungu kwa vyote viwili. Nilimaliza masomo katika chumba kile kile. Siku naondoka, Madamu alinipa kipande cha koti kilichobaki.

Mwezi uliopita nilipimwa tena. Kijana wangu wa kuzaa ameoa, na mkewe, Divine, aliyekulia Kampala, amekuja kukaa nami kwa muda. Kiangazi kimekaza, tanki limebaki na maji ya chini, na yale ya mtaa yanakuja yanapotaka. Mimi huiacha koki ya uani wazi, na mpira wa maji umeingia kwenye pipa, ili yakija yajaze hata kama hatupo. Jumapili tukaenda misa. Tuliporudi jirani akapiga kelele juu ya ua, "Mama, leo maji yamekuja, tena mengi." Nikakimbilia pipa. Kavu. Koki imekazwa kwa nguvu za mtu mwenye malezi mema.

Ulimi wangu ulikuwa umeshachukua fimbo. Divine akasimama mbele yangu, mikono kifuani. "Mama, tukitoka nilikuta robine iko wazi, nikafunga. Kwetu mama alikuwa anachapa mtu kwa hiyo. Mbabarira, nisamehe."

Nikamwangalia binti wa watu, na mlangoni nikaona, kama ninavyokuona wewe, lile sanduku langu la zamani. Nikamwambia, "Mama yako amekufundisha vizuri. Lakini hajawahi kulala katika nyumba hii. Njoo nikuonyeshe koki zetu." Tukazunguka nyumba nzima. Alipoona kitambaa cheusi kizito kimefungwa kwenye bomba linalotoka kwenye tanki, akauliza kama Batsinda nako kuna barafu. Nikamwambia hapana, hapa kinakinga jua lisilipasue. Kisha nikamweleza kilitoka wapi. Jioni tulishuka wote wawili kuchota, na tulicheka njia nzima.

Basi shika haya, mwanangu. Ukiingia nyumba ya watu, kabla ya kuuliza chakula kiko wapi, uliza koki kuu iko wapi. Ukienda penye baridi, mabomba yavalishe kama unavyojivalisha, yaachie maji njia ndogo usiku, na usisahau beseni la mama yangu. Ukibaki hapa kwetu, kinga bomba lako na jua na ziba linapovuja, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hayo hata fundi atakuambia. Langu mimi ni hili: malezi mema ni mzigo wa kubeba kwa mikono miwili, na ukifika kwa mtu uuweke chini kwanza, umuulize mwenyeji pa kuuweka. Kuuliza si ujinga. Na siku ukiwa wewe mwenyeji, na mgeni akakosea kwa wema wake, mkumbuke mama yake kabla hujafungua mdomo.

Mungu akupe nyumba isiyokauka, na njiani akupe mtu wa kukuambia urudishe sanduku lako chumbani. Haya, maji yamechemka. Lete vikombe vitatu, Divine naye anakuja.