Bibi Kalala

Mvua ikiupiga ukuta wa nyumba yetu ya Malindi, pale plasta ilipobanduka, hutoka harufu ya jiwe lililorowa, nzito, yenye chumvi kwa mbali. Hapo humkumbuka mama mdogo Zuleikha. Wanawake wengine wa ukoo wetu walinukia udi na asumini. Yeye mkoba wake ulijaa mawe, na kanga zake zilinuka vumbi la chokaa. Bibi akilalamika, "Mtoto wa kike gani huyu, analeta mawe mpaka kitandani?" huku akiyafuta moja moja na kuyapanga dirishani.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kwetu kwenda kusomea miamba. Wajomba hawakutaka kabisa. Bibi ndiye aliyewakatalia, mpaka mwanawe akapanda ndege kwenda kusoma nchi za baridi.

Mwaka wake wa mwisho wa masomo bibi akaugua. Akafariki asubuhi, akazikwa siku ile ile. Alikuwa ameusia jambo moja: "Zuleikha asiambiwe mpaka amalize mtihani. Akija kwenye msiba wangu, kaka zake hawamwachi tena kuondoka."

Kesho yake alasiri simu ikalia. Mama aliitazama, akashindwa. Akanitia mkononi, mimi mtoto mdogo. "Sema bibi kalala."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Bibi kalala."

"Saa hizi?"

"Naam. Kachoka."

"Basi usimwamshe."

Akawa anapiga kila Ijumaa, nami nikazidi kuwa hodari. Mara bibi kalala, mara kaenda harusini Makunduchi. Mama akinisikiliza kwa nyuma, mtandio mdomoni.

Aliporudi hakumuuliza mtu. Alivua viatu mlangoni, akapanda chumbani kwa bibi, akajilaza kitandani na kujifunika kanga usoni. Mimi nikadhani kachoka na safari.

Miaka ikapita, jina lake likajulikana. Visima vya upande wa Fumba vilipoingia chumvi, yeye ndiye aliyeonyesha pa kuchimba, na yakatoka maji matamu. Siku hiyo, vigelegele vilipotulia, nilikaa naye kwenye kivuli cha gari nikamuuliza alijua lini kuwa bibi hayupo.

"Simu ile ya kwanza," alisema. "Mama hakuwa akilala alasiri hata siku moja."

"Sasa mbona uliendelea kuuliza?"

Alijifuta tope mikononi. "Ukisema kalala, mwanangu, kwa kitambo kile nilikuwa na mama."

Utoto wangu wote niliamini kwamba tulimwepusha na msiba. Sisi huku tulikuwa na matanga, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, kila anayeingia anatupa mkono wa pole. Yeye msiba aliubeba peke yake katika chumba cha ugenini, asiweze hata kulia kwenye simu, kwa kuwa angelia tungejua kuwa anajua. Kisha akaoga, akavaa, akaenda kufanya mtihani.