Damu ya Bi Sifuri

Maabara nzima walimwita Bi Sifuri, na jina lenyewe alilipenda. Mashine yake ilimulika kibao chembamba chenye dhahabu, kilichopakwa protini ya ugonjwa. Kingamwili za mgonjwa zikinasa pale, mstari kwenye skrini hupanda. Damu ya mtu mwenye afya hainasi kitu, ndiyo maana kwa miaka tisa damu yake mwenyewe ilikuwa ndiyo sifuri: mashine iliutoa mstari wake kwenye mstari wa kila mgonjwa, na kinachobaki ndicho ugonjwa.

Kilichobaki kikawa kinapungua mwaka hadi mwaka. "Ugonjwa unatuaga huu!" mkuu wa maabara alitamba, wakakata keki na kupiga picha na mashine.

Asubuhi moja mshipa wa Bi Sifuri uligoma kutoa damu. Mwenzake wa meza ya pili akakunja mkono wa shati. "Chukua yangu, dada. Damu ni damu."

Kwa sifuri hiyo mpya, mistari ya wagonjwa wote ikaruka juu kama enzi zile za mwanzo. Akabadilisha kibao, akarudia. Ikaruka tena.

"Mashine imepagawa," mwenzake akacheka.

Bi Sifuri hakucheka. Alitoa kwenye friji damu yake ya mwezi uliopita, akaipima kama ya mgonjwa. Mstari ukapanda taratibu, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba anayoijua. Akapitisha maji ya chumvi ya kuosha kisichonasa. Mstari haukushuka.

Mwenzake akachungulia skrini. "Maskini! Huyu wa wodi gani?"