Kitovu cha Gurudumu

Msinicheke, maana mpaka leo nikichekwa nawaka. Siku yangu ya kwanza katika karakana ya magari ya ng'ombe, karibu na boma la Wajerumani pale Arusha, nilipewa kopo la mafuta. Aliyenipa ni Fundi Salehe, mtu wa Pangani, msimamizi wetu. Akanionyesha gari lililopakiwa mbao za kwenda Kikwe.

"Paka kitovuni, mpaka yajae," akasema, akaenda zake.

Mimi ndio kwanza nimeshuka mlimani, mdomo mwingi, Kiswahili kidogo nilichojifunza mwenyewe kwa kusikiliza wapagazi. Kitovu nilikijua kimoja tu. Nikadhani ni dawa ya kazi, kila mgeni anapakwa. Nikafunua shuka, nikajipaka. Nikajaza kweli! Wala sikuoga, nisije nikaitoa dawa.

Gari likaondoka. Kesho yake mwendesha ng'ombe akarudi kwa miguu: gurudumu limelia njia nzima, limepasuka katikati, mbao zimemwagika Kikwe.

Bwana wa karakana, Mjerumani, hakuuliza mtu. "Salehe! Lala chini. Hamsa ishirini!" Ndiyo viboko ishirini na tano. Fundi alijua kopo alimpa nani. Akavua shati, akalala, hakunitaja.

Damu ikanichemka. "Bwana, mwache! Ni mimi! Aliniambia nipake kitovu, nikapaka!"

"Ulipaka wapi?"

Nikafunua shuka. Mafuta yameganda pale, meusi tititi.

"Kumbe gari ni yeye!" mwenzangu mmoja akapasuka kwa kicheko. "Basi mpakieni mbao aende Kikwe!"

Hata bwana alicheka mpaka akashikilia ukuta. Halafu akagonga katikati ya gurudumu moja kwa kiboko: "Nabe." Akanigusa tumbo: "Nabel. Hata kwetu maneno haya ni ndugu." Akakitupa kiboko. "Salehe, inuka. Mfundishe huyu."

Fundi akanikalisha mbele ya gurudumu. Kitovu ni lile gogo la katikati. Njiti zote zimechomekwa humo, na ekseli, ule mti wa chini ya gari, inaingia ndani yake.

"Mtoto tumboni anakula kwa kitovu," akasema. "Gurudumu nalo linakula mafuta hapo. Waliokipa jina hawakwenda mbali. Umeelewa, mjinga wangu?"

"Nimeelewa, baba."

Toka siku hiyo sikumwacha. Tukapelekwa Moshi, tukarudishwa Arusha, mabwana wakabadilika, mwishowe nami nikawa msimamizi. Aliyemsema vibaya tuligombana, awe nani awaye. Kila ninachokijua cha mbao na chuma kilitoka kwake, namshukuru mpaka kesho.

Nilipoacha kazi kwa uzee, nilikwenda kwanza kwake Sokon, hapo hapo Arusha. Macho yake yalikuwa yameshakufa.

"Shikamoo, baba. Nimemaliza."

"Marahaba. Waliokuwa chini yako, yuko aliyewahi kulazwa chini kwa kosa lako?"

"Hakuna, baba. Hata mmoja."

Akautafuta mkono wangu, akaushika.

"Basi ulifanya kazi."