Maganda Niliyotia Ndani ya Kikwembe

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumamosi, mwanangu, wakati wa baridi ya Lubumbashi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani barabarani. Nilikuwa bibi arusi mgeni kutoka Mitwaba. Mume wangu alikuwa amehamishiwa migodi ya Kolwezi, nami nikabaki peke yangu katika chumba kimoja pale Naviundu. Usinione leo nasema sana. Wakati ule niliweza kumaliza siku nzima sijasikia hata sauti yangu mwenyewe.

Kitu changu kilikuwa kitalu cha njegere kando ya mto. Kaka zangu walishasema bustani ikinishinda nirudi nyumbani, na mimi niliapa sirudi. Lakini wadudu hawajui kiapo. Kwanza vidukari walijaa kwenye machipukizi, nikawamwagia maji ya majivu. Halafu nondo akaja kutaga. Funza wake huingia ganda likiwa jororo, tundu likaziba, na ganda likaendelea kunenepa, kijani, zuri la kutamanika. Ukilifungua unakuta uchafu.

Pale kwetu njegere hazibambuliwi na mtu mmoja. Jirani humwita jirani, mnakaa mkekani, na anayekuta funza hulitupa ganda lile katikati ili kila mtu aone, akakague mimea yake. Ndiyo desturi. Jumamosi ile aliniita Mama Zaituni, mjane mwenye asili ya Maniema, ambaye kitalu chake kilipakana na changu. Nikaenda na njegere zangu. Ganda langu la kwanza, funza. Nikawaza: atasema mimi mvivu, habari zitafika Mitwaba. Nikalitia kimyakimya ndani ya kikwembe nilichojifunga kiunoni. La pili vilevile, na mengine baada yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikitia huko kwa mkono wangu.

Niliposimama kuaga, fundo likalegea, maganda yote yakamwagika. Nililia palepale kama mtoto.

Mama Zaituni hakunicheka. Alinitazama, kisha akainua ncha ya mkeka upande wake. Chini yake kulikuwa na maganda yake mwenyewe, yameliwa kama yangu.

"Na miye nilikuwa naficha," akasema. "Niliogopa utasema huyu mama iko muzee, hawezi tena kulima. Tazama sasa! Bidudu binatumalizia bilimo, na kila muntu analia mu nyumba yake. Hii haya inatusaidia nini, mutoto wangu?"

"Nilizania ni mimi peke, mama."

"Na miye vile vile."

Tuling'oa mashina yote, yake na yangu, tukayachoma, tukapanda lengalenga, ule mchicha wetu, mahali pake. Njegere hatukula mwaka ule. Lakini jioni nilikuwa na mlango wa kubisha hodi, na Mitwaba sikurudi.

Mama Zaituni alishatangulia zamani, mume wangu naye. Watoto wangu wana makwao. Baridi ikifika navuna njegere zangu chache, nakaa na beseni, na nikikuta funza bado nalitupa ganda katikati ya mkeka. Hakuna wa kuliona. Upweke wa namna hii unauma, mwanangu, sitakudanganya. Lakini huu nimeletewa na kifo. Ule wa ujana nilijifungia mwenyewe, na mwenzangu alikuwa pale pale, mkeka mmoja.

Basi shika neno langu. Jambo lako likiingiwa na funza, litoe mapema watu walione. Mficha uchi hazai. Huyo unayemwogopa, huenda naye amekalia la kwake. Na kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu akupe mtu wa kukaa naye mkeka mmoja, na njia ya kuja kwako isiote majani. Ukipita Naviundu, ingia. Beseni lipo, na upande wa pili wa mkeka ni mtupu.