Redio Iliyokwenda Vitani

Jumapili iliyopita kanisa letu la Isansa liliwakumbuka wazee waliopigana Vita vya Kagera, na waumini walileta picha za zamani. Mimi ni mtangazaji wa redio Tunduma, najisifu kwa kuona vitu vidogo, kwa hiyo nikaomba kuzieleza.

Katika picha tatu za askari niliona redio ileile na chupa ileile ya chai yenye maua mekundu. Nikashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, hawa walikuwa kikosi kimoja! Redio hii waliibeba mpaka vitani!"

Makofi yakalipuka. Bibi Tumwene akainuka na picha yake ya harusi. Redio ile, chupa ile.

"Mjukuu wangu, hivi ni vya mpiga picha wa Vwawa, kila mtu aliwekewa. Au na mimi nilienda vitani na shela langu?"